Je, kuandika mtandaoni kunaisaidia jamii, au kunamsaidia mwandishi tu? Kikundi chetu kimegawanyika

Katibu wa Bonde (Dar es Salaam)

Salaam, wanajukwaa. Naomba ushauri wenu kuhusu jambo lililokigawa kikundi chetu katikati, ambalo sijataka kulifikisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa kabla ya kusikia mawazo ya watu walio nje ya ugomvi.

Sisi ni kikundi cha usafi cha watu 43 tunaoishi kando ya bonde la Mto Msimbazi. Kila Jumamosi asubuhi tunazibua mtaro mkubwa unaopokea maji ya mitaa minne, na kila mwanachama huchangia shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa sasa tuna akiba ya shilingi 680,000. Kijana wetu mmoja aliyemaliza kidato cha sita, na ambaye kwa kweli ni hodari wa kalamu, ametoa hoja kwamba fedha hizo zinunue simu janja yenye kamera nzuri pamoja na bando la miezi sita, ili afungue blogu ya kikundi na kurasa za mitandao ya kijamii na kuandika habari za mtaro wetu kila wiki. Anasema tusipoonekana hatutasaidiwa. Mzee mwasisi wa kikundi alimjibu mbele ya kikao kizima kwamba mtaro hauzibuliwi kwa picha, na kwamba fedha hizo zinatosha matoroli matatu, machepe na jozi kadhaa za mabuti.

Mimi nimebaki katikati kwa sababu nimeyaona mambo yote mawili kwa macho yangu. Katika masika iliyopita mtu alirekodi maji yakiingia nyumbani kwa jirani yangu, video ikatazamwa na maelfu kabla ya jioni, pole zikamiminika kutoka kila upande, na kesho yake waliokuja na ndoo kutoa tope walikuwa watu wa ukuta wa pili tu. Hata hivyo, picha moja ya mfuniko wa chemba uliokosekana, iliyowekwa katika kundi la WhatsApp la kata, ilileta mfuniko mpya ndani ya siku tatu, ilhali barua yangu yenye muhuri kuhusu chemba hiyo hiyo ilikuwa imekaa mezani wiki saba.

Naomba basi wenye uzoefu waniambie: maandishi, picha na ramani ambazo watu wa kawaida huweka mtandaoni zimewahi kuinufaisha jamii kwa namna inayoonekana? Kama zimewahi, ni nini kilichofanya baadhi zifae na nyingine zipite kama upepo?

Mpima Mitaro (Morogoro)

Ndugu Katibu, umenikumbusha 2015, nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na tulipopelekwa mitaani katika mradi wa Ramani Huria, wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam. Nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu kazi yenyewe ilihusu mitaro kama wako.

Jiji lilikuwa limekua kwa kasi kuliko ramani zake, na kata nyingi zisizopimwa zilionekana kwenye ramani kama uwanda mtupu, ingawa watu walikuwa wamebanana humo bega kwa bega. Tandale ilikwisha kuchorwa 2011 na wakazi wakishirikiana na wanafunzi, na mwishoni mwa mwaka huo huo, mnamo Desemba, yakaja mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini na kuwafanya wengi wa bondeni wahamishiwe Mabwepande. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini ni muhimu kujua maji yanapita wapi. Ramani tuliyoijaza ni OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na mtu yeyote anaweza kuichukua bila malipo.

Kazi yenyewe haikuwa na fahari yoyote. Tulitembea na karatasi zilizochapwa picha ya mtaa kutoka angani, mjumbe wa shina akitutangulia ili mbwa na wenye nyumba watuelewe, mmoja akishika futi na mwingine akishika kijiti cha kupimia kina. Kwa kila kipande cha mtaro tuliandika upana, kina, kama umejengwa kwa saruji au ni shimo la udongo, na umeziba kwa kiasi gani. Mahali pengine futi ilizama katika nepi na mifuko kabla ya kugusa sakafu. Kisha tuliwauliza wakazi wa zamani maji yalifika wapi mwaka ule. Namkumbuka mama mmoja muuza maandazi ambaye hakujibu kwa maneno. Aliingia ndani, akaweka kiganja ukutani juu kidogo ya kitasa cha mlango, akasimama hivyo hadi tulipomaliza kupima. Ilikuwa sentimita 118. Chini ya rangi mpya ulikuwa bado unauona mstari wa tope.

Namba ile ikaingia katika daftari, na tarakimu za aina hiyo, zikiwa nyingi na zimekusanywa mtaa kwa mtaa, zinamwezesha mhandisi kukisia ni nyumba zipi zitaguswa mvua ya kiasi fulani ikinyesha. Mhandisi huyo hahitaji kunijua mimi wala yule mama. Ile video ya nyumba ya jirani yako haikuwa na tarehe, haikuwa na jina la mtaa wala kipimo, kwa hiyo mtu aliyeguswa nayo hakuwa na la kufanya zaidi ya kuandika pole. Picha ya mfuniko ilikuwa na mahali, kasoro moja na mtu mmoja ambaye ni wajibu wake kuirekebisha, naye alikuwemo ndani ya kundi lile.

Ushauri wangu ni kwamba kijana aandike, lakini kabla ya kununua simu mpya apewe futi, ambayo bei yake haifiki hata bei ya jozi moja ya mabuti.

Mkaazi wa Kawangware (Nairobi)

Naunga mkono aliyetangulia, ila ningependa kuongeza upande wa pili wa shilingi, kwa kuwa sisi Wakenya tulizionja pande zote mbili ndani ya mwezi mmoja.

Uchaguzi wetu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Siku tatu baadaye matokeo ya urais yalitangazwa, ghasia zikaanza, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Katika ombwe hilo watu waligeukia blogu. Tarehe 3 Januari 2008, wakili Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika blogu ya Kenyan Pundit, aliwauliza wasomaji wake kama kuna mafundi wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ambapo maovu yanatendeka. Waliojitokeza, miongoni mwao Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walikamilisha kazi hiyo kwa siku chache tu na kuipa jina la Ushahidi. Mwananchi aliweza kutuma taarifa kwa tovuti au kwa ujumbe mfupi wa simu, na watu wa kujitolea walijaribu kuilinganisha na habari kutoka kwingineko kabla ya kuikubali. Miaka miwili baadaye programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, ambapo Wahaiti waishio ughaibuni walikesha wakitafsiri ujumbe uliotumwa kwa Kikrioli.

Hadi hapo hadithi ni tamu, na ndivyo inavyosimuliwa kwenye makongamano. Kisichosimuliwa mara nyingi ni kwamba huyo huyo David Kobia alikuwa mwendeshaji wa Mashada, jukwaa la mijadala lililopendwa sana na Wakenya, na kwamba mnamo Januari hiyo hiyo alilazimika kulifunga kwa sababu matusi ya kikabila yalikuwa yamewashinda wasimamizi. Mahali pake akafungua ukurasa uliowaalika watu kuandika kwamba hawana kabila. Yaani mtu mmoja, kwa mkono wa kulia alifungua mlango wa wananchi kusema, na kwa mkono wa kushoto akafunga mwingine. Walioandika kule kwa chuki na walioandika huku kwa uangalifu walikuwa Wakenya wale wale, na nadhani wengine walikuwa mtu mmoja.

Mimi ni shahidi wa hilo dhidi ya nafsi yangu. Usiku mmoja wa Januari nilipokea ujumbe kwamba lori la vijana wenye mapanga linateremka kuelekea mtaani kwetu. Niliwatumia watu kumi na mmoja kabla sijafikiri. Familia tatu zilikimbilia uani kwa kanisa zikiwa na watoto wenye nguo za kulalia, na mzee mmoja mwenye pumu alikaa kwenye baridi hadi alfajiri. Lori halikuwapo. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa kila mtu alikuwa ametuma kwa wengine, lakini hadi leo nikiona neno "sambaza" mwishoni mwa ujumbe, kidole changu husita.

Kwa hivyo Bwana Katibu, kabla ya kuuliza nani ataandika, ulizeni nani atahakiki, na nani ana mamlaka ya kumwambia kijana hodari wa kalamu kwamba andiko la leo lisitoke.

Fundi Toroli (Mbagala)

Nimewasoma nyote kwa heshima, lakini mzee yuko sahihi. Mvua haisubiri. Mtaro uliojaa taka leo utafurika kesho hata kama umeandikwa kwa Kiswahili cha kupendeza namna gani, na kikundi kinachoingia majini bila mabuti kitapata kichocho na vidonda, jambo ambalo nalo halitatibiwa na wafuasi. Nunueni vifaa kwanza. Simu za kupiga picha wanachama 43 hawakosi.

Katibu wa Bonde

Nawashukuru sana. Ndugu Fundi Toroli, ni kweli kwamba simu zipo. Nimehesabu jana, wanachama 19 wana simu janja. Lakini kijana ana hoja nyingine ambayo sikuieleza: anaamini kwamba habari yenye uso wa mtu huvuta wafadhili, na amekwisha kupiga picha za watoto wa jirani yangu wakiwa wamesimama kwenye maji machafu. Mama yao hajaulizwa. Nisaidieni katika hilo pia.

Binti wa Kampala

Katika hilo, ndugu yangu, naomba nikuzuie kabla hujafika mbali.

Mwezi Machi 2012 shirika moja la Marekani liitwalo Invisible Children lilitoa filamu ya dakika 30 kuhusu Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, na watoto waliotekwa kaskazini mwa Uganda. Ndani ya siku sita ilikuwa imetazamwa mara milioni 100. Vijana wa nchi za mbali waliisambaza kwa nia njema kabisa, wakanunua bangili na fulana. Tatizo ni kwamba wapiganaji wa Kony walikuwa wamekwisha kuondoka Uganda tangu 2006, na watu wa kaskazini wakati huo walikuwa wakihangaika kurudi mashambani, kutibiwa majeraha na kuwasomesha watoto waliorudi kutoka msituni. Filamu ilipoonyeshwa hadharani mjini Lira, huko huko kaskazini, mwezi huo huo, mbele ya maelfu ya watu ambao wengi wao walikuwa wahanga wenyewe, walitazama wakitafuta habari zao na hawakuziona. Waliona sura ya mtesi wao ikipambwa kwenye fulana. Hasira ilipanda, mawe yakarushwa, na onyesho likavunjika.

Lakini tazama pia kilichofuata. Mwandishi wa blogu wa hapa Uganda, Rosebell Kagumire, alijirekodi akieleza kwa utulivu kasoro za simulizi ile, na video yake nayo ikatazamwa na watu wengi sana duniani. Chombo kilichopotosha ndicho kilichosahihisha, ingawa sahihisho halikufika hata robo ya mbali ambako kosa lilifika. Ndiyo maana siwezi kusema mtandao ni mbaya. Ninachosema ni kwamba watu wa Lira hawakuulizwa.

Kuhusu watoto wa jirani yako: mimi mwenyewe nimewahi kukuta picha ya binamu yangu, iliyopigwa akiwa na umri wa miaka sita, kwenye ukurasa wa kuomba michango wa taasisi ambayo sitaitaja. Alikuwa amefikia kidato cha pili wakati huo. Wenzake darasani waliiona kabla yake, na kwa muhula mzima walimwita "Mfadhili". Ulizeni mama, muulizeni na mtoto mwenyewe akiwa na umri wa kuelewa, na kama kuna shaka hata ndogo, pigeni picha ya maji peke yake. Maji hayana darasa la kurudi.

Mhariri wa Usiku (Dodoma)

Naongeza mambo mawili ya kiutendaji, moja baya na moja zuri.

La kwanza ni sheria. Tanzania ilipotoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mnamo 2018, mwenye blogu alitakiwa kuomba leseni, na jumla ya gharama za mwanzo ilizidi shilingi milioni mbili, yaani mara tatu ya akiba yenu yote. Wengi waliokuwa wakiandika habari za vijijini kwao bila kulipwa senti waliacha. Kanuni hizo zimefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa hiyo kabla ya kijana kufungua chochote chenye sura ya chombo cha habari, aende akaulize TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ni kundi gani linahitaji leseni kwa sasa. Kujaza ramani huria au kuweka picha ya mfuniko katika kundi la kata ni jambo jingine kabisa.

La pili linahusu kulipana. Ninahariri Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, hasa usiku watoto wakishalala. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google iliendesha mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, na mwandishi bora angepata kompyuta au simu. Makala ziliongezeka kwa mamia. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa washindani hawakuonekana tena, na sisi tuliobaki tukaanza kurekebisha tafsiri za mashine. Hata hivyo, sisemi mashindano yalikuwa hasara, kwa sababu makala nzuri zilibaki na bado zinasomwa. Ila kijana wenu akiandika kwa ajili ya bando, bando likiisha na maandishi yatakoma, na mtaro utabaki na historia ya miezi sita. Ni afadhali watu wanne wasiolipwa, kila mmoja akiwa na zamu ya wiki moja kwa mwezi.

Kama mnataka mfano wa kazi ya namna hiyo inayogusa maisha moja kwa moja, tazameni mkoa wa Mara. Tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora barabara na nyumba za vijiji kutoka kwenye picha za setilaiti, na wenyeji wakiongeza kwa simu majina ya vitongoji, zahanati na shule. Sababu mojawapo ni wasichana wanaokimbia ukeketaji msimu wa Desemba: gari la nyumba salama ya Mugumu, wilayani Serengeti, inayowapokea wasichana hao, haliwezi kumfikia binti aliyepiga simu usiku kama dereva hajui kitongoji alichokitaja kiko upande gani. Anayechora barabara hizo huenda yuko Ulaya na hatakaa aione Serengeti, lakini jina la kitongoji halionekani kwa setilaiti. Hulijua mwenyeji tu.

Aliye Mbali (Muscat)

Mimi nina neno fupi kwa ajili ya wale tusiokuwapo. Issa Michuzi alipoanza blogu yake 2005, wengi wetu wa ughaibuni tuliifungua asubuhi kabla ya chai, na ukweli ni kwamba tulikwenda moja kwa moja kwenye matangazo ya misiba. Huko ndiko tulikojua nani katutoka, mazishi ni lini, na mchango upelekwe kwa nani. Hakuna aliyeziita habari hizo harakati za kijamii, lakini jeneza lilisafirishwa na matanga yakapata sukari. Katibu, katika mtaa wenu kuna watoto waliozaliwa kando ya mtaro huo na leo wako Muscat, Dubai na Leicester. Hao hawahitaji picha ya mtoto majini ili waguswe. Waandikieni mlichonunua, kiasi gani kimebaki na kinachokosekana, kisha wakitoa chochote waonyesheni stakabadhi.

Katibu wa Bonde

Ndugu zangu, narudi na majibu baada ya kikao cha Jumapili.

Tumekubaliana kununua matoroli mawili badala ya matatu, machepe manne na mabuti jozi kumi. Simu mpya haikununuliwa. Picha za watoto zimefutwa mbele ya mama yao, ambaye alimshukuru kijana kwa kumuuliza, japo kwa kuchelewa. Blogu imewekwa kando hadi tutakapopata jibu kuhusu leseni. Kwa sasa tutatumia kundi la kata na ramani huria, na watu wanne wamejiandikisha kwa zamu. Nimepewa mimi jukumu la kuzuia andiko lisitoke, kazi ambayo sikuiomba.

Jambo ambalo sikulitarajia lilitokea nilipowasomea maelezo ya futi na kiganja cha muuza maandazi. Mzee aliyepinga alinyamaza kwa muda, kisha akasema anazikumbuka alama za maji za nyumba 12, na kwamba nyumba tatu kati ya hizo zimekwisha kubomolewa, hivyo asipoonyesha yeye hakuna atakayejua. Jumamosi baada ya kuzibua walizunguka yeye na kijana, mmoja akionyesha na mwingine akipima, wakabishana vikali kuhusu nyumba ya pembeni mwa daraja hadi mwenye nyumba alipotoka na kuwatenganisha kwa kuwaonyesha msumari alioupigilia mwenyewe ukutani mwaka ule.

Wamefikia nyumba ya saba. Ndugu Mpima Mitaro, naomba uniambie kama kimo kipimwe kutoka sakafu ya ndani au kutoka usawa wa njia, maana nyumba nyingi zimeinuliwa vizingiti tangu hapo, na hawa wawili kila mmoja ana jibu lake.

Mpima Mitaro

Pimeni kutoka usawa wa njia, kisha andikeni kimo cha kizingiti peke yake katika safu ya pili. Pale penye msumari, andikeni kwamba kuna msumari, na pigeni picha yake futi ikiwa imesimama pembeni.